Nukta nundu

Nukta nundu (pia: breli, kutokana na jina la Louis Braille) ni mfumo wa maandishi kwa ajili ya watu wasioona. Herufi zake ni nukta zilizoinuka juu ya karatasi, nazo husomwa kwa kupapaswa kwa ncha za vidole. Si lugha, bali ni namna ya kuandika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo.

Historia

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 huko Coupvray, Ufaransa. Akiwa na umri wa miaka 3 alijiumiza jicho kwa kifaa chenye ncha kali katika karakana ya baba yake. Maambukizi yalienea hadi jicho la pili, akawa kipofu. Alipokuwa mwanafunzi mjini Paris alijifunza mfumo wa nukta 12 wa Charles Barbier, ambao uliwakilisha sauti bila kufuata tahajia. Braille alitunga mfumo wa nukta 6 unaotosha chini ya ncha ya kidole, akauchapisha mwaka 1829. Alifariki mwaka 1852.

Muundo

Nukta hupangwa katika safu 2 za nukta 3: kushoto 1, 2, 3 na kulia 4, 5, 6. Herufi a ni nukta 1, na b ni nukta 1 na 2. Herufi k hadi t hurudia a hadi j kwa kuongeza nukta 3. Herufi w haifuati utaratibu huo, kwa kuwa haikuwa ya kawaida katika Kifaransa cha wakati ule.

Elimu ya watoto wasioona

Mtoto huanza kwa kuzoeza vidole kutofautisha nukta. Huandika kwa mashine maalumu, au kwa kibao na kalamu ya kutobolea. Kwa kibao huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi ili asome.

Vitabu vya kusikiliza husaidia, lakini havimwonyeshi mtoto tahajia wala alama za uakifishaji. Kwa kusikia tu hawezi kujua kwamba "kwa nini" huandikwa kama maneno mawili. Kwa vidole huikuta nafasi iliyo katikati.

Vitabu vya nukta nundu ni vikubwa: kitabu kimoja cha kawaida kinaweza kuwa majuzuu kadhaa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu kutengeneza nakala za namna hiyo bila idhini ya mwenye hakimiliki.

Siku ya Breli Duniani huadhimishwa kila tarehe 4 Januari.