Udondoaji wa Matini

Mwambie mtu "toa maneno kwenye programu", naye akiwa mtiifu atayafuta. Hapo ndipo ubovu wa kitenzi kutoa unapojitokeza, maana katika kazi ninayoizungumzia hakuna neno hata moja linalohama mahali pake.

Programu huandikwa kwa msimbo. Ndani ya msimbo huo, katikati ya amri, majina ya faili na alama zinazohitajiwa na kompyuta peke yake, mna maneno ya kusomwa na binadamu: hifadhi, jaribu tena, nywila si sahihi. Mfasiri anayeijanibisha programu hana haja ya kuupekua msimbo wote. Pengine hata hajui kuusoma, na akifuta nukta isiyomhusu programu itagoma. Kwa hiyo chombo maalumu huupitia msimbo, hunakili maneno yale tu, kisha huyapanga kwenye kiolezo: kila sentensi, na chini yake nafasi tupu ya tafsiri.

Nimejaribu kuiita kazi hii uchopoaji, nikaacha. Anayechopoa ameondoa, pochi imeshatoka mfukoni. Uchimbaji umeshachukuliwa na watu wa data. Uchujaji nao hupitisha kila kilicho chembamba, kiwe na maana au kisiwe nayo. Nimebaki na kudondoa: kuokota kimojakimoja, kama punje zilizomwagika mkekani, na pia kunukuu sehemu ya maandishi. Wanachuo watasema udondoaji ni wao, wanaoutumia kwa maneno ya kitabuni. Sawa, lakini ni tendo lilelile: ukidondoa aya, kitabu hakipungui ukurasa.

Na kutopungua huko si suala la istilahi tu. Katika GNU gettext, mkusanyiko wa zana ulioanza mwaka 1995 kwa kufuata njia iliyobuniwa Sun Microsystems, sentensi ya asili inayobaki kwenye msimbo ndiyo ufunguo. Programu ikiwa kazini huuliza: hii kwa Kiswahili husemwaje? Ikipata jibu hulionyesha; ikikosa, huonyesha ileile ya asili. Ndiyo sababu programu inaweza kukusemesha Kiswahili siku nzima, kisha hitilafu ikitokea ikageuka Kiingereza ghafla. Ama sentensi hiyo haijatafsiriwa, ama haikudondolewa kabisa.

Haikudondolewa kwa nini? Kwa sababu kidondoaji, ambacho katika gettext huitwa xgettext, hakielewi lugha yoyote ya binadamu. Kinatafuta alama. Mwandishi wa programu ndiye anayeizungushia sentensi mabano yenye kistari cha chini mbele yake, kama kumwekea mdondoaji kijiti: hapa pana punje. Akisahau kijiti, punje imepotea.

Kwetu Waswahili, hata kilichodondolewa vizuri kinaweza kufika kimevunjika. Mwandishi wa programu hupenda kubana matumizi: badala ya sentensi nne anaandika moja yenye pengo, kisha jina la kitu lipachikwe baadaye. Kwa Kiingereza pengo halina neno, kwani kitenzi hakijali kilichofutwa ni nini. Sasa jaza kwa Kiswahili: faili limefutwa, ujumbe umefutwa, picha imefutwa, kitabu kimefutwa. Mfasiri amepewa nafasi moja, ngeli ni nne. Gettext inaweza kushughulikia umoja na wingi (Kiswahili kimepangiwa maumbo mawili, Kiarabu sita), lakini ngeli haizijui. Dawa iko kwa mwandishi wa programu: aandike sentensi nzima kwa kila kitu, hata zikionekana kujirudia. Nimewahi kumwomba mmoja afanye hivyo, akaniona mfujaji.

Kosa jingine ni kinyume cha hilo. Sentensi mbili zikifanana herufi kwa herufi, kidondoaji huziunganisha kuwa ingizo moja. Neno la Kiingereza "open" kwenye menyu ni amri, fungua. Kwenye orodha ya maduka ni hali, wazi. Likiokotwa mara moja, duka litaandikiwa "fungua", kama kwamba mteja ndiye mwenye ufunguo. Inawezekana kuyatenganisha kwa kuongeza muktadha, yaani neno fupi la kuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili, au mwandishi wa programu aandike maelezo kwa mfasiri ambayo kidondoaji hubeba pamoja na sentensi.

Wengi hawaandiki. Hapo mfasiri hubaki na msaada mmoja, mstari mdogo juu ya ingizo unaotaja faili na namba ya mstari sentensi ilipookotwa. Naye, ambaye tulisema hana haja ya kuupekua msimbo, anaufungua, anahesabu hadi mstari wa 48, aone kama kinachosemwa ni mlango au amri.