Kivinjari si Google: Historia ya mlango tunaoingilia mtandaoni

Majuzi nilikuwa katika saiba moja mjini Kakamega, si mbali na steji ya matatu, nikisubiri kuchapishiwa barua. Akaingia binti aliyemaliza kidato cha nne, simu mkononi, machozi yakimlengalenga. Alikuwa amejaza fomu ya kuomba ufadhili wa masomo mara tatu, na kila alipobonyeza kitufe cha kutuma, ukurasa ulirudi mtupu. Siku ya mwisho ya kutuma maombi ilikuwa hiyo hiyo.

"Unatumia kivinjari gani?" nikamuuliza.

"Kivi-nini, Mwalimu?"

"Yaani unaingia mtandaoni na nini?"

"Naingia tu na Google."

Kijana wa saiba akaichukua simu na kuitazama. "Mwalimu, hapa ametumia ile ya kubana bando. Fomu kama hii itamsumbua. Kuja hapa kwa mashine, dadangu, tuifungue na ingine." Baada ya dakika kumi fomu ilikuwa imekwenda.

Binti yule hakupungukiwa na akili wala bidii. Alipungukiwa na neno. Asiye na jina la kitu hawezi kukiulizia, seuze kukilinganisha na kingine. Alidhani tatizo ni fomu, au ni yeye mwenyewe, kwa kuwa hakujua kwamba kati yake na fomu ile kuna programu ambayo angeweza kuibadilisha.

Si kwamba Kiswahili hakina istilahi. Zipo mbili. Kivinjari kinatokana na kitenzi 'vinjari', yaani kupita huku na huko ukiangalia, kama afanyavyo mlinzi wa zamu. Wengine hupendelea kisakuzi, neno linalotukumbusha msako. Kazi ya kuzipa tarakilishi lugha yetu nayo si ya jana. Mnamo 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Leo Chrome yenyewe inaweza kukusemesha kwa Kiswahili ukitaka.

Hata hivyo, mitaani tunasema 'Google'. Hili si ajabu kwa Wakenya. Tunaingia dukani tukaomba 'Colgate' na kutoka na dawa ya meno ya kampuni nyingine, wala hatuoni kasoro. Lakini dawa ya meno haikufungii fomu ya ufadhili. Ili kuelewa jinsi jina la bidhaa lilivyomeza jina la kitu, yafaa turudi nyuma kidogo.

Kivinjari cha kwanza kiliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Mwaka 1993, vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, akiwemo Marc Andreessen, walitoa Mosaic, iliyoonyesha picha na maandishi pamoja katika ukurasa mmoja. Mwaka uliofuata Andreessen na wenzake wakaja na Netscape Navigator. Microsoft ikajibu mnamo Agosti 1995 kwa Internet Explorer, kisha ikaifungasha bure ndani ya Windows. Netscape haikuweza kushindana na kitu cha bure ambacho mnunuzi tayari alikuwa amekipata ndani ya mashine. Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft mwaka 1998, ila kesi ilipofika mwisho Netscape ilikuwa imekwisha nguvu.

Saiba zilipoenea katika miji yetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vita hivyo vilikuwa vimeamuliwa. Sisi wateja hatukuulizwa lolote. Tarakilishi ilikuwa na herufi 'e' ya rangi ya samawati, na maelekezo yalikuwa mafupi: "Bonyeza hiyo e." Kwetu 'e' ndiyo iliyokuwa intaneti yenyewe.

Nguvu ya Explorer ilikuwa kwamba haikuhitaji kutafutwa, na tovuti nyingi ziliundwa kwa kuilenga. Udhaifu wake ulizaliwa na nguvu hiyo hiyo. Iliposhika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji, mwenye mali alilala. Toleo la 6 lilitoka 2001, na la 7 halikuonekana hadi 2006. Katika kipindi hicho virusi vilipita katika nyufa zake na kujinafasi.

Firefox ilizaliwa Novemba 2004 kutokana na mabaki ya Netscape, ambayo msimbo wake ulikuwa umetolewa kwa umma mwaka 1998. Ilileta vichupo vya kufungulia kurasa kadhaa katika dirisha moja, na ikazuia matangazo yaliyokuwa yakiruka usoni bila kualikwa. Hata hivyo, ilikuwa na hamu kubwa ya kumbukumbu. Kwenye mashine kuukuu, ukifungua vichupo vingi, ungeweza kwenda kunywa chai ukarudi ukiikuta bado inahema.

Kisha simu ikachukua nafasi ya saiba. Opera Mini ilienezwa duniani Januari 2006, wakati Kenya bado ilitegemea setilaiti, kwani nyaya za baharini zilitufikia Mombasa mwaka 2009. Ujanja wake ulikuwa rahisi: ukurasa hupitia kwanza kwenye mitambo ya kampuni, ukakamuliwa, kisha ukatumwa kwenye simu ukiwa mwepesi. Kwa mwanafunzi wa bando la shilingi chache, hiyo ilikuwa neema. Lakini kikamuliwacho hupoteza kitu. Vivinjari vya aina hii, vikiwa katika hali ya kubana sana, vinaweza kuvuruga kurasa zenye fomu ndefu. Isitoshe, mitambo ya kati hulazimika kuufungua ukurasa ili iukamue, hata kama una nenosiri lako.

Chrome ya Google ikafuata Septemba 2008. Ilikuwa na kasi, na kila kichupo kilijitegemea, hivi kwamba kimoja kikikwama vingine viliendelea. Lakini nayo hula kumbukumbu, na mwenye nayo ni kampuni inayoishi kwa matangazo. Kujua unachotazama ni sehemu ya biashara yake. Ilitufikiaje? Kwa njia ile ile ya 'e': tuliikuta kwenye simu zetu za Android.

Leo ukiorodhesha vivinjari utadhani uwanja ni mpana. Mwangalie basi fundi wa matatu: anaweza kuunda bodi tatu tofauti, moja ya rangi, moja ya muziki, moja ya taa, zote juu ya injini ya aina moja. Opera iliacha injini yake mwaka 2013 na kuchukua ya Chrome. Edge ya Microsoft ikafanya vivyo hivyo mwaka 2020, na 'e' yetu ya zamani ikastaafishwa rasmi Juni 15, 2022. Miongoni mwa vile vinavyojulikana sana, wanaosimama kando ni Firefox na Safari ya Apple. Watengeneza tovuti wakizoea kulenga injini moja tu, tutarudi pale tulipokuwa mwaka 2003, na anayetumia nyingine atafungiwa nje.

Kwa hiyo nisipoulizwa kipi bora, nitasema vilevile: inategemea kazi. Kwa kusoma habari huku bando likiwa dogo, kinachobana data kinatosha. Kwa fomu, benki na ushuru, tumia kivinjari kamili. Kwenye mashine ya saiba, fungua dirisha la faragha na utoke katika akaunti yako kabla ya kuinuka. Ukurasa ukikataa, jaribu kivinjari kingine kabla ya kujilaumu.

Walimu wenzangu, neno hili tulifundishe darasani pamoja na kazi yake, lisibaki la kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Mimi nimechagua kivinjari. Anayependa kisakuzi sigombani naye. Binti yule alipokuwa akitoka alinigeukia mlangoni. "Mwalimu, hiyo kitu uliiita nani?" Nikamwambia. Akalirudia mara mbili, akaliandika kwenye simu yake, akaenda zake steji.