Kitanzi cha Luzira na Upanga wa Paulo



Huko Luzira, karibu na ziwa Victoria, limesimama gereza kuu lililojengwa zamani za Waingereza. Mwezi wa Aprili 1999 watu 28 walinyongwa humo. Tangu hapo kitanzi cha Luzira hakijatumika tena, lakini sheria inayokiruhusu haikufutwa. Yafaa tuitazame hali hiyo kwa macho ya Wakristo, maana katika Uganda aliyehukumiwa, hakimu na askari aghalabu wote ni watu wa kanisani.

Wanaoitetea adhabu ya kifo hushika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, ambapo damu hulipwa kwa damu. Kisha hufungua Waraka kwa Warumi, sura ya 13, ambapo Paulo aeleza kwamba mtawala amekabidhiwa upanga ili awaadhibu waovu. Askari aliyekula kiapo hupata faraja humo, wala si jambo la kudharauliwa. Lakini mapokeo ya Kanisa yasema kwamba Paulo huyo huyo alikatwa kichwa mjini Roma kwa amri ya serikali. Upanga alioutaja ndio uliomfika shingoni.

Tarehe 10 Februari 1973, katika utawala wa Idi Amin, watu kadhaa walipigwa risasi hadharani katika miji mbalimbali. Watatu waliuawa Kabale, uwanjani, mbele ya umati mkubwa. Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, aliomba ruhusa ya kusema nao kabla ya kufa. Alikwenda akitafuta maneno ya kuwaliwaza, akakuta nyuso zao zimekunjuka. Mmoja alimwambia kwamba amekwisha kusamehewa na Mungu. Waliwapungia watu mikono iliyokuwa na pingu. Katika kitabu chake cha mwaka 1977 Askofu aliandika kwamba askari waliopewa kazi ile walistaajabu hata wakasahau kuwafunika vichwa. Sisi husimulia habari hiyo kwa ajili ya wale watatu. Nadhani ingefaa kusimuliwa pia kwa ajili ya wale walioshika bunduki, ambao hakuna aliyewauliza walilala vipi usiku ule.

Uhalifu wa kweli nao hauna budi kutazamwa usoni. Tarehe 21 Machi 2002, katika wilaya ya Kotido, padri Declan O'Toole wa Ireland aliuawa pamoja na wenzake wawili. Tarehe 25, yaani siku nne baadaye, wanajeshi wawili waliotiwa hatiani kwa mauaji hayo walipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi, pasipo rufani kusikilizwa. Hasira ya watu ilikuwa ya haki. Lakini Katiba ya 1995, ibara ya 22, yataka hukumu ya kifo ithibitishwe kwanza na mahakama ya juu ya rufani, na siku nne hazitoshi hata kuandika rufani. Tena Kanisa la marehemu huyo lilikwisha kufundisha, katika waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili wa 1995, kwamba sababu ya kumwua mhalifu ni nadra mno kupatikana siku hizi. Mwaka 2018 Papa Fransisko aliifunga kabisa njia hiyo kwa Wakatoliki.

Luzira mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Wafungwa 417 waliohukumiwa kufa, Susan Kigula akiwa wa kwanza katika orodha, waliishtaki Serikali. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2005, na Mahakama ya Juu ikathibitisha tarehe 21 Januari 2009: adhabu ya kifo yaruhusiwa na Katiba, lakini hakimu asilazimishwe kuitoa; na mtu aliyekaa zaidi ya miaka mitatu baada ya rufani yake ya mwisho bila kunyongwa, adhabu yake igeuke kuwa kifungo cha maisha.

Kigula alihukumiwa upya mwaka 2011, akapewa miaka 20. Akiwa gerezani alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London kwa njia ya posta, akatoka langoni mwa Luzira Januari 2016. Mwendo wa Kotido ungalimkuta kaburini tangu 2002, mwaka aliohukumiwa kifo.