Mpangilio upi wa wasifu kazi unamfaa mwombaji?

Kila atafutaye kazi ya mshahara huombwa, pamoja na barua ya maombi, wasifu kazi wake, waraka ambao wengi wetu huuita CV. Kwa kawaida huwa na ukurasa mmoja au miwili, nao hueleza elimu ya mtu, kazi alizopata kuzifanya na ujuzi alio nao. Ugumu wake hauko katika kuyakumbuka mambo hayo, bali katika kuamua lipi litangulie. Afisa mwajiri huwa na rundo la maombi mezani, na mara nyingi nusu ya kwanza ya ukurasa ndiyo inayoamua kama ataendelea kusoma.

Mipangilio iliyozoeleka ni mitatu. Wa kwanza hufuata tarehe: kazi ya sasa huwekwa juu, na zilizotangulia huja chini yake kwa kurudi nyuma. Wa pili hufuata ujuzi: mwombaji huandika kwanza ayajuayo, kama vile kutunza hesabu au kusimamia watu, na kazi zenyewe hutajwa kwa ufupi mwishoni, pengine bila miaka. Wa tatu huchanganya hiyo miwili.

Waajiri walio wengi hupendelea mpangilio wa tarehe, kwa kuwa huonyesha mara moja mtu alikuwa wapi na kwa muda gani. Ule wa ujuzi umekuwa ukisifiwa kuwa kimbilio la wenye mapengo katika historia yao ya kazi. Sifa hiyo ina walakini. Mwajiri mzoefu akikuta wasifu usio na miaka, swali la kwanza linalomjia ni kujua kinachofichwa.

Suala hili linawagusa kwa karibu wasikilizaji wetu, maana si wote wenye historia ya kazi iliyonyooka. Wapo waliokimbia vita kisha wakarejea makwao, na wapo walioendesha biashara kwa miaka mingi bila mkataba wala barua ya ajira. Tuchukue mfano wa mtu wa kubuni. Alimaliza sekondari Bukavu, akawa karani wa ghala kuanzia 2012 hadi 2016, akakaa nyumbani miaka mitatu akimuuguza mzazi, kisha akafungua duka la vitambaa Nyamirambo, mjini Kigali, akawa anaagiza mzigo kutoka Dar es Salaam. Sasa anaomba kazi kwa wakala wa forodha anayepitisha shehena katika mpaka wa Rusumo.

Akifuata tarehe peke yake, duka litakaa juu na msomaji anaweza kumwona mchuuzi tu. Akifuata ujuzi peke yake, ile miaka mitatu itazua maswali. Huyu anafaa kutumia mpangilio wa kuchanganya. Mistari minne ya mwanzo itaje yale yanayohusu kazi anayoiomba: kufuatilia hati za forodha, kutunza hesabu, kumudu Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa. Baada ya hapo tarehe zije bila kuruka hata mwaka mmoja. Duka liandikwe kama kazi kamili, kwa maneno haya: «2019 hadi sasa, mmiliki wa duka la vitambaa, kuagiza bidhaa Dar es Salaam na kusimamia usafirishaji wake hadi Kigali». Na hilo pengo litoshelezwe na mstari mmoja: «2016 hadi 2019, kumuuguza mzazi».

Mahali pengine mwombaji hana hiari. Fomu ya P.11 ya Umoja wa Mataifa humtaka aorodheshe kila ajira kuanzia ya sasa akirudi nyuma, na ataje pia kipindi chochote ambacho hakuwa na kazi ya malipo. Europass, iliyoanzishwa na Umoja wa Ulaya kwa uamuzi wa mwaka 2004, nayo ina umbo lake. Tangazo likitaja fomu, fomu ndiyo mpangilio.

Kuvuka mpaka huleta tatizo jingine, nalo ni majina ya vyeti. Nchini Rwanda matangazo ya kazi huandika A2 kwa aliyemaliza sekondari, A1 kwa stashahada ya juu na A0 kwa shahada ya kwanza. Mwajiri wa Nairobi huenda asielewe hata moja. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba A1 na A2 ndizo pia alama za ngazi mbili za chini kabisa katika vipimo vya lugha vya Ulaya, ambavyo Europass huvitumia. Aandikaye A2 bila maelezo anaweza kudhaniwa kuwa ndiyo kwanza anajifunza lugha! Vivyo hivyo, Diplôme d'État ya Kongo ni cheti cha kumaliza sekondari, ingawa kwa sikio la mgeni jina hilo laweza kumaanisha stashahada. Jina la cheti lisibadilishwe. Liandikwe lilivyo, na pembeni yake idadi ya miaka ya masomo.

Kuhusu umri, uraia na picha, desturi hutofautiana. Uingereza na Marekani haitarajiwi kuweka picha wala umri, kwa kuwa sheria za huko zinakataza ubaguzi wa umri katika ajira. Waliosoma katika shule za mfumo wa Kifaransa wamezoea kuweka picha na hali ya ndoa. Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, imekuwa ikionya katika matangazo yake kwamba maombi yasiyoonyesha uraia na umri hayatashughulikiwa. Heri kusoma tangazo mara mbili kabla ya kufuta chochote.

Wengi wa Buyenzi na Nyamirambo husahau kuandika Kiswahili, wakikiona kuwa lugha ya nyumbani tu. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na kwa kampuni zinazoshughulika na bandari za Dar es Salaam na Mombasa, atakayezungumza na madereva na maafisa wa bandari kwa lugha yao anahitajika.

Kampuni kubwa hupitisha kwanza maombi katika programu ya kompyuta kabla ya mtu kuyasoma. Programu hizo huweza kuvuruga majedwali na maandishi ya safu mbili, hivyo mpambo mwingi humponza mwombaji. Maandishi ya safu moja, yaliyohifadhiwa kwa PDF na kupewa jina la mwombaji na namba ya kumbukumbu ya tangazo, yatamfikia msomaji yakiwa salama.