Nakala ya Pili ya Simu

Agosti 1945, vita vikiwa vinaisha, jeshi la Marekani lilizifuata kampuni tatu zilizopeleka simu za maandishi nchi za nje: Western Union, RCA na ITT. Vita vilikuwa vimelipatia ruhusa ya kuzisoma simu hizo. Sasa lilitaka kuendelea kupewa nakala hata wakati wa amani. Wanasheria wa kampuni walionya kwamba sheria ya mawasiliano ya 1934 inakataza. ITT ilikataa mwanzoni, lakini mwishowe zote tatu zikakubali. Mwaka 1947 wakuu wao walimwendea James Forrestal, Waziri wa Ulinzi, wakiomba kuhakikishiwa kwamba hawatashtakiwa. Wakahakikishiwa. Sidhani walikuwa watu wabaya, ila kinga waliyoitafuta ilikuwa yao. Mteja hakuwa na wa kumsemea.

Mwanzoni zilitolewa karatasi. Miaka ya 1960 simu zilipohifadhiwa kwenye kanda za sumaku, tarishi alizichukua New York, zikanakiliwa, zikarudishwa. Kuanzia 1966 zilinakiliwa Manhattan, katika ofisi iliyojifanya kampuni ya kanda za televisheni. Kanda ilirahisisha mno kazi, kwa kuwa kompyuta iliweza kulisaka jina moja kati ya maelfu. Kufikia mwisho wa mpango huo, shirika la ujasusi la NSA, lililourithi kutoka jeshini, lilichambua simu zipatazo 150,000 kwa mwezi. Mtu aliyelipia dirishani neno kwa neno hakujua lolote hadi 1975, Baraza la Seneti lilipochunguza.

Watasema kampuni haina ubavu mbele ya dola. Ni kweli kwa kiasi, lakini hapa hapakuwa na amri ya mahakama. Palikuwa na ombi, na kusita kwao kwaonyesha walijua wanachoombwa. Hoja nzito zaidi ni kwamba leo ujumbe hufungwa kwa usimbaji: tangu 2016 WhatsApp haiwezi kusoma maneno ya watumiaji wake wanayoandikiana. Huo ni ulinzi wa kweli, na naupenda kwa sababu hautegemei ahadi ya mtu. Hata hivyo, nani kamtumia nani, na saa ngapi, kampuni bado yaweza kujua, na kinachojulikana chaweza kuombwa.

Mwaka 1978 Marekani ilitunga sheria ya kudai kibali cha mahakama kwa upelelezi wa namna hii. Mwaka 2008, baada ya kampuni za simu kushtakiwa na wateja kwa kuisaidia serikali kusikiliza bila kibali baada ya 2001, Bunge lilizipa kinga, na kesi hizo zikafutwa.