Kanisa Lisilo na Askofu: Wabaptisti, kutoka Amsterdam hadi Dzaleka

Mwaka 1994, watu waliokimbia Rwanda, Burundi na Zaire (Kongo ya leo) walipozidi kuingia Malawi, serikali iliwapa mahali palipokuwa gereza. Dzaleka iko wilayani Dowa, kilomita arobaini na kitu kaskazini mwa Lilongwe, na huko ndiko utawala wa Rais Kamuzu Banda ulikokuwa ukiwatupa watu uliowahesabu kuwa maadui zake. Kambi ilipangwa itoshe watu 10,000 hivi. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, na baadhi ya mitaa yao imepewa majina ya mitaa na miji ya Malawi: Kawale, Likuni, Zomba, Blantyre. Sokoni na kwenye foleni ya ndoo penye pampu, lugha inayowakutanisha ni Kiswahili, kile cha Kivu, mashariki mwa Kongo, chenye Kifaransa ndani yake. Redio yao inaitwa Yetu.

Jumapili asubuhi Dzaleka ni mji wa makanisa. Yako ya matofali ya udongo na bati, yako ya maturubai. Mkongo akitaja lake huenda akakutajia namba: ya tatu, ya tano, ya nane. Hizo ni alama za Rais Mobutu wa Zaire. Mwaka 1970 madhehebu ya Kiprotestanti ya Zaire yaliingizwa chini ya mwavuli mmoja, Kanisa la Kristo, na kila dhehebu likawa "jumuiya" yenye namba yake. Ya tano, CELPA, na ya nane, CEPAC, ni za Wapentekoste, na ndizo zenye watu wengi upande wa Uvira na Fizi. Ya tatu ni CBCA, Wabaptisti wenye makao makuu Goma. Wa namba tatu ndio ninaotaka kuwafuata hapa, pamoja na ndugu zao wa Malawi, Burundi na Rwanda, kwa sababu moja: kati ya Waprotestanti wote wa kambini, sijui wengine ambao dini yao ilizaliwa ukimbizini kama wao.

Wabaptisti wa kwanza walikuwa wakimbizi. Waingereza wachache, wakiongozwa na John Smyth na Thomas Helwys, walikimbia mkono wa mfalme na maaskofu wake wakaenda Amsterdam. Mwaka 1609, katika mji wa ugenini, Smyth alijibatiza mwenyewe kisha akawabatiza wenzake. Hakuzamisha, alimwaga maji tu, jambo ambalo mashemasi wengi wa leo wangelikataa. Kuzamisha kulikuja miongo mitatu hivi baadaye. Helwys alirudi London mwaka 1612 na kitabu kilichomwambia Mfalme James kwamba naye ni mtu wa kufa, hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Alifia katika gereza la Newgate yapata mwaka 1616.

Na Waafrika hawakuwapokea Wabaptisti kama wageni waliochelewa. George Liele, aliyekuwa mtumwa Georgia, alihubiri Jamaica kuanzia miaka ya 1780, kabla jumuiya ya kimisionari ya Wabaptisti wa Uingereza haijaundwa. David George, mtumwa mwingine, alikimbilia upande wa Waingereza wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, akaanzisha kanisa Nova Scotia penye baridi, na mwaka 1792 akavuka bahari kwenda Freetown pamoja na washirika wake. Kanisa lilipakiwa melini likashushwa upande wa pili likiwa lilelile.

Liliwezaje? Mbaptisti haamini kwamba kanisa linateremshwa kutoka juu kupitia askofu au sinodi. Waumini waliobatizwa wakikutana, wakafanya agano, wakachagua mchungaji na mashemasi, hapo pana kanisa kamili. Mkutano wa washirika ndio unaopokea mtu, ndio unaomtenga, ndio unaoamua fedha. Muungano wa makanisa, ukiwapo, hushauri tu. Serikali yoyote inayopenda kumwita mkubwa mmoja ofisini ili kupitia kwake iwabane maelfu, hapa inamkosa. Ndiyo maana Wabaptisti wameishi vizuri uhamishoni, na ndiyo maana wamegawanyika kila walipotulia. Mambo hayo mawili hayatengani.

Malawi iliyaona yote mawili mapema. Joseph Booth, Mwingereza aliyetokea Australia, alifika Nyasaland, Malawi ya leo, mwaka 1892 akiwa na mawazo ambayo walowezi hawakuyapenda hata kidogo: kwamba Afrika ni ya Mwafrika, na kwamba mishahara ya mashambani ni wizi. Alianzisha misheni Mitsidi karibu na Blantyre, kisha nyingine, kisha nyingine. Alikuwa hodari wa kuanzisha na mzito wa kutulia. Mmoja wa wa kwanza kumwendea alikuwa kijana John Chilembwe, aliyetafuta kazi nyumbani kwake akabatizwa naye mwaka 1893. Mwaka 1897 wakasafiri pamoja hadi Marekani. Huko Chilembwe akaingia mikononi mwa Wabaptisti Weusi, akasoma Lynchburg, Virginia, akawekewa mikono, na mwaka 1900 akarudi nyumbani kuwa mchungaji.

Alinunua ekari 93 Mbombwe, wilayani Chiradzulu. Hapa inafaa kusimama kidogo, maana ardhi ndiyo kiini cha kisa chenyewe. Jirani yake, Magomero, lilikuwapo shamba kubwa la familia ya Bruce, ambako watu walilipa kodi ya kuishi kwa kufanya kazi, utaratibu ulioitwa thangata. Wengi walikuwa wahamiaji Walomwe waliotoka Msumbiji, yaani watu wasio na ardhi wala wa kuwatetea. Wafuasi wa Chilembwe walijenga nyumba za sala za miti na nyasi ndani ya shamba hilo, na meneja wake, William Jervis Livingstone, akazichoma moto. Kwa mwenye shamba kile kilikuwa kibanda kilichojengwa bila ruhusa. Kwa waliokijenga lilikuwa kanisa kamili, lenye washirika na mashemasi, lisilohitaji ruhusa ya mtu. Mbombwe kwenyewe, kwenye ardhi aliyoinunua, Chilembwe alijenga kanisa kubwa la matofali lililofunguliwa kabla ya vita. Mkewe Ida alifundisha wasichana kushona.

Ikaja Vita Kuu ya 1914. Baada ya mapigano ya Karonga mwezi Septemba, Chilembwe alipeleka barua gazetini akiuliza kwa nini Waafrika wafe katika ugomvi usiowahusu. Serikali ikalizuia gazeti lenye barua hiyo. Usiku wa tarehe 23 Januari 1915 watu wake wakashambulia Magomero, Livingstone akauawa. Tarehe 3 Februari Chilembwe akapigwa risasi akielekea Msumbiji, na serikali ikalilipua kanisa la Mbombwe kwa baruti. Wamalawi leo huadhimisha siku yake kila tarehe 15 Januari, sura yake imo kwenye noti, na mwaka 2022 sanamu yake, kazi ya Samson Kambalu, ilisimamishwa Trafalgar Square, London, akiwa na kofia kichwani mbele ya Mzungu kama alivyopigwa picha siku ya kufungua kanisa lake.

Wanahistoria wameandika mengi kuhusu maasi. Mimi yananivuta zaidi yaliyofuata. Mwaka 1926 serikali ilimruhusu Daniel Malekebu, daktari aliyekuwa mtoto wa shule ya Mbombwe, kuifungua tena misheni. Alikuja na mkewe Flora Zeto, mzaliwa wa Kongo aliyelelewa na mmisionari Mmarekani Mweusi na kusomeshwa Spelman, Atlanta. Basi karibu miaka sabini kabla ya kambi ya Dzaleka, Mbaptisti kutoka Kongo alikuwa Malawi akisaidia kuinua kanisa lililobomolewa. Walijenga zahanati, shule, na hekalu jipya la matofali.

Ubaptisti wa kusini mwa Malawi ulikuwa na damu. Wa Lilongwe na Dowa ulikuja kimyakimya na kwa kuchelewa. Dowa ilikuwa tayari ya Wapresbiteri tangu Waholanzi wa Afrika Kusini walipofungua Mvera mwaka 1889. Wakatoliki nao wakafuata, na vijijini Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago ya Wachewa, iliendelea kucheza makaburini bila kuwauliza wote hao. Wabaptisti wa kusini mwa Marekani, waliokuwa wamefika Dar es Salaam na Nyanda za Juu za Tanganyika mwaka 1956, waliingia Nyasaland mwaka 1959. Muungano wao wa makanisa ulisimama mwaka 1970, na chuo chao cha theolojia kiko Lilongwe, mji uliofanywa makao makuu ya nchi mwaka 1975. Kanisa la kijiji la Kichewa waliloliacha ni dogo: mchungaji analima kama wengine, akina mama wana umoja wao wenye sare, na msiba ukitokea wao ndio wanaopika na kuimba hadi alfajiri. Mwanahistoria Hany Longwe na mwanatheolojia Rachel NyaGondwe Fiedler wameandika habari za watu hawa wakiwa ndani, na kazi zao zinaonyesha wazi kwamba bila akina mama makanisa mengi yangekuwa paa tupu.

Kivu ilikwenda njia yake. Wamisionari walianza upande wa Lubero mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1946 kazi ikachukuliwa na Wabaptisti wenye msimamo mkali wa Marekani. Hao walitaka Biblia kwanza na walichelea fedha za serikali. Wakongo walitaka shule za sekondari na hospitali, maana waliona jinsi watoto wa Wakatoliki walivyowapita. Katika miaka ya uhuru ugomvi ukapasuka, kanisa likawa mawili, na mashtaka yakafika kwa wakubwa wa serikali. Waliowashinda wamisionari ndio mababa wa CBCA, ambayo leo ina hospitali na mkono wake katika chuo kikuu cha Goma. Burundi, Wabaptisti wa Denmark walichukua kituo cha Musema mwaka 1928, wakaja kuvuka hadi Rwanda. Kwa hiyo Mrundi, Mnyarwanda na Mkongo wanaokaa benchi moja Dzaleka wote ni Wabaptisti, lakini mmoja alifundishwa na Mdenmaki, mwingine na Mmarekani, na kila mmoja ana hakika utaratibu wake ndio wa Biblia.

Vita vya 1996 na 1998 viliwatoa Wakongo kwao. Wa Fizi na Uvira walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakashuka Mbeya, wakaingia Malawi kupitia Karonga. Kwa desturi ya Kibaptisti, mshirika anayehama hubeba barua ya kanisa lake la zamani. Aliyekimbia risasi usiku habebi barua. Hapo mkutano wa washirika hauna budi kumsikiliza mtu akijieleza, kutafuta anayemfahamu tangu kwao, kisha kuamua.

Ubatizo nao una shida yake. Kuzamisha kunataka maji ya kufika kiunoni, na kambini maji ni ya pampu, yenye foleni. Kanisa lisilo na mto huchimba shimo na kulitandika turubai, au hungoja masika lisafiri hadi mtoni. Sadaka inafuata mgao wa chakula: mgao ukipunguzwa, kapu la Jumapili linajua kabla ya ripoti. Mazoezi ya kwaya yanawashika vijana jioni, saa ambazo wangekuwa hawana la kufanya. Ukishuhudia uchaguzi wa mashemasi utaona jambo ambalo watu wa nje hawalioni. Mtu asiyepiga kura Kongo wala Malawi, ambaye hata kiongozi wa kambi yuko juu yake, hapa anainua mkono na unahesabiwa. Anaweza kushindwa, akakasirika, akaondoka na wenzake kumi na wawili kuanzisha kanisa jingine mtaa wa pili. Hutokea. Tuseme kweli: hutokea mno.

Lakini Mbombwe na Dzaleka zinatofautiana kwa kitu kimoja kizito. Chilembwe alinunua ardhi yake. Malawi ilipojiunga na mkataba wa wakimbizi mwaka 1987 iliweka pingamizi kwenye vifungu vya kazi, mali, mahali pa kuishi na uraia. Ukuta wa matofali ya Dzaleka, hata ukijengwa kwa miaka kumi ya sadaka, hauna hati. Walioona kambi haitoshi walikwenda Lilongwe, wakafungua maduka, wakaingia katika makanisa ya mjini au wakaanzisha yao. Machi 2023 serikali iliamuru warudi wote kambini. Mwezi Mei polisi walipita mitaani Lilongwe wakiwakusanya, watoto wakiwamo. Wengi walipitia gereza la Maula kabla ya kupakiwa kwenda Dowa. Maduka yalifungwa au kuporwa. Kambi iliyokuwa imejaa ikajazwa tena.

Wengine waliondoka kwa njia ya halali, wakipelekwa Marekani, Kanada na Australia. Kwa mchungaji hilo ni jambo la furaha na hasara kwa pamoja: leo mpiga kinanda, mwezi ujao sauti zote za juu. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokwisha kuaga kanisani wakabaki.

Sasa mabenchi yana kizazi kilichozaliwa hapohapo. Wanaimba Kiswahili cha wazazi, wanacheza mpira kwa Kichewa, na Kibembe au Kirundi wanakisikia nyumbani tu. Baadhi yao wanaona hakuna sababu kanisa lao lisijiunge na muungano wa Wabaptisti wa Malawi, lihubiri Kichewa ibada ya pili, lipeleke vijana chuoni Lilongwe pindi kibali cha kutoka kikipatikana. Wazee wengi hawataki, kwa hofu kwamba lugha ikienda na Kivu imekwenda. Hakuna askofu wa kuamua. Jambo hilo litapelekwa kwenye mkutano wa washirika.