Mwisho wa Neno: Sauti, Silabi au Kina?

Miongozo ya kufundishia darasa la awali huwa na zoezi linaloitwa "kutambua sauti ya mwisho". Mwalimu anataja neno, mtoto anasema linaishia na sauti gani. Kwa Kiingereza, ambako zoezi hili limechukuliwa, kazi hiyo ina maana kubwa: cat huishia kwa t na cap kwa p, na asiyeisikia tofauti hiyo hajasikia neno. Sasa mwulize mtoto wa miaka mitano anayezungumza Kiswahili embe linaishia na sauti gani. Kwa kufuata istilahi neno kwa neno, jibu ni e. Mtoto atakwambia mbe, na asahihishwe kana kwamba amekosea. Mimi naona mtoto yuko sawa, na istilahi ndiyo ya kurekebishwa.

Chanzo cha tatizo ni kwamba "sauti" ni neno pana mno. Wanaisimu hutenganisha fonimu, yaani sauti moja yenye uwezo wa kubadili maana, na silabi, yaani kipande cha neno kinachotamkwa kwa pumzi moja. Maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache ya kukopa, huishia na irabu, na irabu zetu ni tano tu. Kwa hiyo ukiuliza fonimu ya mwisho, majibu yote yanayowezekana ni a, e, i, o, u. Kiti, maji, nazi na rafiki vinatupwa katika fungu moja, na mtoto hajajifunza chochote kitakachomsaidia kesho atakapokutana na ti, ji, zi na ki ubaoni.

Hata kwa hao wenye Kiingereza chao, silabi hutangulia. Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake huko Marekani waliwapa watoto kijiti, wagonge meza mara moja kwa kila kipande cha neno. Katika watoto wa miaka minne, karibu nusu waliweza kuhesabu silabi. Aliyeweza kuhesabu fonimu hakupatikana hata mmoja. Mwisho wa darasa la kwanza, asilimia 90 waliweza silabi na asilimia 70 fonimu. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walionyesha kwamba hata watu wazima wa Ureno ambao hawakuwahi kujifunza kusoma walishindwa kuondoa au kuongeza fonimu moja mwanzoni mwa neno. Maana yake ni kwamba kusikia fonimu kwa kiasi kikubwa huja pamoja na herufi. Mtoto wa awali ambaye hajaziona herufi anadaiwa kitu ambacho bado hajapewa.

Silabi ya mwisho, kwa upande mwingine, anayo tayari. Na lugha yetu imeipa jina tangu zamani: kina. Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, aliandika juu ya jambo hili kwa sababu ushairi wetu umesimama juu ya vina na mizani. Malenga hakubali kuoanisha "baba" na "kata" kwa hoja kwamba yote mawili yanaishia na a. Lazima konsonanti nayo ilingane: ba kwa ba, ta kwa ta. Sikio la Kiswahili, lilipotakiwa kuamua mwisho wa neno ni upi, lilichagua silabi nzima.

Ushahidi mwingine uko michezoni. Watoto wa Pwani wana mchezo wa kuzungumza kinyume: unakata silabi ya mwisho unaipeleka mbele, nyumba ikawa mbanyu, kikombe kikawa mbekiko, na mzee aliyekaa kando asielewe kitu. Edward Steere aliikuta lugha hiyo Zanzibar, akaieleza katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870. Tazama kinachofanyika hapo: mtoto anatambua mwisho wa neno, anaung'oa, anauhamisha, na yote hayo kwa kasi ya mazungumzo. Ni zoezi gumu kuliko lolote lililomo katika mwongozo. Tena hakuna anayesema "ekikomb". Wanaokata ni watoto, na wanakata kwenye silabi.

Walimu wetu nao hufanya zoezi hili kila siku bila kuliita zoezi. Mwalimu ananyanyua kikombe: "Hiki ni kiko...?" Darasa zima linapokea: "...mbe!" Wengine hukemea mtindo huu, nami nakubali kwamba sauti ya wengi humficha asiyejua. Lakini usitupwe, upunguzwe watu. Mwalimu aweke mezani kikombe, embe na sahani, amwite mtoto mmoja, avitaje polepole, aulize kipi hakina kina kimoja na wenzake. Kutafuta kisicholingana ndiyo njia waliyotumia Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford kupima watoto zaidi ya 400, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1983, nao wakaona kwamba usikivu wa namna hiyo kabla ya kujua kusoma huendana na usomaji wa baadaye.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ki-KO-mbe, kwa hiyo silabi tunayoitaka hutamkwa hafifu. Mwalimu aivute kidogo. Pili, asiikate vibaya. Ni e-mbe, si em-be. Lakini mti ni m-ti, kwa kuwa m hiyo ni silabi inayojitegemea.

Irabu ya mwisho peke yake ina mahali pake, na mahali penyewe ni kwenye vitenzi. Anasoma, asome, hasomi: irabu hiyo hubadilika pamoja na maana, na mtoto huitumia vizuri kabla hajafika shule. Basi tuseme waziwazi tunachotaka. Zoezi la kwanza liitwe "silabi ya mwisho". Maneno yanayolingana yaitwe yenye "kina kimoja". "Irabu ya mwisho" ije mtoto anapojua herufi. Na kwa Kiingereza liwepo zoezi la "konsonanti ya mwisho", kwa jina hilohilo.

Hilo la mwisho si dogo, maana kwa mtoto wetu ni jambo geni kabisa. Kiswahili kikipokea neno lililoishia na konsonanti hulipa irabu: kitab ya Kiarabu ikawa kitabu, bus ikawa basi, team ikawa timu. Tuanzie hapohapo. Mwalimu aseme "timu", kisha "team", na watoto wamtazame mdomo: wa kwanza unaishia wazi, wa pili unaishia umefumbwa. Halafu aseme moja tu, nao waseme ni lipi. Wakishazoea m, waende kwenye n na s, ambazo zinaweza kuvutwa, ndipo waje kwenye p, t na k, ambazo katika Kiingereza mara nyingi humezwa zisisikike sawasawa. Hapo ndipo mwalimu hushawishika kuongeza irabu kidogo ili darasa lisikie. Ajizuie. Akisema cap kwa namna hiyo, watoto watasikia kapu, na konsonanti aliyotaka kuifundisha itakuwa imegeuka tena kuwa pu.